CJ na Ndoo ya Dagaa: Uhakiki wa Mwendo

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kukuta hapa uhakiki wa diwani, tamthiliya, na mara moja moja filamu. Leo naleta kazi isiyo na jalada wala kurasa. Ni faili moja tu la kompyuta, tena lenye jina ambalo si letu. Wapo watakaosema, "Huyu naye kaishiwa." Sawa. Nisomeni kwanza, matusi baadaye.

Kazi yenyewe ni hii. Mshikaji wangu mmoja wa Mabatini, hapa hapa Mwanza, kambadilishia CJ mwendo. CJ, kwa wale ambao hawakupitia mabanda ya gemu, ni Carl Johnson, mhusika mkuu wa Grand Theft Auto: San Andreas. Gemu hiyo ilitengenezwa na Rockstar North ya Edinburgh, Uskoti. Ilitoka kwenye PlayStation 2 mwezi Oktoba 2004, ikaja kwenye kompyuta mwaka 2005, na mwishoni mwa 2013 ikaingia kwenye simu. Ni gemu ya mji ulio wazi: hadithi ipo, lakini hakuna anayekulazimisha kuifuata. Unaweza kushinda kutwa unazurura. Tuseme ukweli, wengi wetu hatukuimaliza hadithi ile. Pesa ya banda iliisha tukiwa tunazurura.

Sasa, mtu anayezurura anatazama nini muda wote? Anatazama mgongo wa CJ akitembea. Milio ya bunduki inakuja na kupita, magari yanaungua na kusahaulika, ila mwendo upo tangu mwanzo mpaka umeme ukatike. Kwa hiyo katika kazi hii ya sanaa mwendo si pambo. Ni sentensi inayorudiwa kuliko zote. Na sentensi inayorudiwa kuliko zote, mhakiki akiipita bila kuisoma, huyo kalala.

Kwanza ufundi

Nianze na jinsi jambo lilivyotengenezwa, maana mhakiki asiyejua kazi imetengenezwaje huishia kusifu rangi.

Mwendo ndani ya kompyuta si picha. Ni orodha ya mifupa na pembe zake. Kiunzi cha mtu wa San Andreas kina mifupa 32: kiuno, uti wa mgongo, shingo, kichwa, mabega, mikono, miguu. Kila mwendo una jina. Chini ya jina kuna mifupa, na chini ya kila mfupa kuna nukta za wakati: sekunde hii goti liwe limekunjwa hivi, sekunde ile liwe limenyooka vile. Katikati ya nukta na nukta kompyuta inajaza yenyewe. Mwili haumo humo. Sura haimo. Nguo hazimo. Ndiyo sababu mwendo mmoja unaweza kuvalishwa mtu yeyote, awe polisi au bibi kizee.

Miendo mingi ya mtaani imewekwa katika faili moja liitwalo ped.ifp, ndani ya folda ya anim. Gemu ikitaka CJ atembee, inaita jina: WALK_player. Inaita jina tu, haikagui kilichomo. Ukiweka humo mwendo mwingine kabisa, mradi jina ni lile lile, gemu itaupokea kama mwenye nyumba anayefungua mlango kwa kusikia sauti bila kuchungulia dirishani. Hapo ndipo vijana wa dunia nzima walipopitia. Wamepachika miendo ya ulevi, ya wanajeshi, ya wacheza filamu, ya wachezaji wa ngoma za kizungu.

Kupachika kwenyewe si uchawi. Unanakili faili la asili na kulificha mahali salama. Asiyefanya hivyo ataanza upya siku atakapojuta, na atajuta tu. Siku hizi wengi wanatumia ModLoader, inayokuruhusu kuweka faili lako kwenye folda ya pembeni bila kugusa la asili. Ukilichoka unalitoa, gemu inarudi kama ilivyozaliwa. Kazi ngumu ni kuutengeneza mwendo wenyewe. Mshikaji alitumia Blender, programu ya bure, kwenye kompyuta ambayo feni yake inalia kama mashine ya kusaga.

Alitengeneza mwendo wa nani? Wa mama yake.

Mama huyo anauza dagaa. Alfajiri anafuata mzigo Mwaloni, Kirumba, anajitwisha ndoo kichwani juu ya ngata, anatoka nayo sokoni mpaka barabarani. Akishuka daladala anaipandisha tena mlimani, kwenye yale mawe ya Mabatini mnayoyajua. Mshikaji alimwomba ruhusa, akamrekodi kwa simu, kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavuni. Kisha akakaa usiku kadhaa akihamisha fremu baada ya fremu: shingo imesimama, kidevu kimeinuka kidogo, mabega hayachezi, kiuno ndicho kinachofanya kazi yote, mkono mmoja unaning'inia na mwingine unapanda na kushuka kana kwamba unataka kushika kitu halafu unaghairi.

Ndoo hakuweka. Hakujua namna ya kuiweka. Alipachika mwendo mtupu.

Siku ya banda

Tulikwenda kuujaribu kwenye banda moja la jirani, lenye kompyuta moja nzuri na watoto wasiopungua kumi na tano. CJ akatoka mlangoni kwao na fulana yake nyeupe, akaanza kutembea. Banda zima likaangua kicheko.

"Oya, CJ anaumwa shingo!"

"Kalala vibaya huyo!"

Mshikaji akajikunyata. Mimi mwenyewe nilicheka, sitaficha. Akaingia mama mmoja kumfuata mwanawe, kanga mabegani, hasira tayari iko mdomoni. Akamshika mtoto mkono, akageuka atoke, jicho likaangukia kwenye kioo. Akasimama.

"Huyo amebeba nini?"

Watoto wakanyamaza. Mmoja akasema, "Hajabeba kitu, mama. Ni CJ huyo."

"Amebeba. Hamuoni shingo? Tena kitu kizito. Mbona mzigo wenyewe hauonekani?"

Mshikaji akajibu kwa sauti ndogo, "Dagaa, mama. Ndoo ya dagaa."

Yule mama akatazama kidogo tena, akasema, "Pole yake," akaondoka na mwanawe.

Nimesoma uhakiki mwingi wa maprofesa na wa wanafunzi wao. Sijakutana na swali zuri kuliko lile. Huyo amebeba nini? Mhusika yeyote utakayemwandika, msomaji akimwona anakuja kwa mbali, anatakiwa aulize hivyo kabla hujamwambia. Ukimwambia kabla hajauliza, umemnyima raha. Asipouliza kabisa, huna mhusika, una jina linalotembea.

Orodha ya wahusika wao

Turudi kwenye gemu yenyewe, kwa haki. Fungua lile faili usome majina ya miendo kama unavyosoma orodha ya wahusika mwanzoni mwa tamthiliya. Utakuta WALK_old, mwendo wa mzee. WALK_fat, wa mnene. WALK_drunk, wa mlevi. WALK_gang1 na WALK_gang2, miendo miwili ya watu wa magenge. Kwa wanawake kuna WOMAN_walkshop, wa mtu anayetembelea maduka, na WOMAN_walksexy, ambao sina haja ya kuufafanua. Waliotengeneza gemu waliutazama mji wakauona hivyo: umri, unene, ulevi, genge, tamaa.

Kiunzi chenyewe nacho kinasema. Katika ile mifupa 32 kuna mfupa wa tumbo, ili kitambi kiweze kutikisika. Kuna mifupa miwili ya matiti. Lakini mkono wa mtu umepewa vidole vilivyofungwa pamoja, vinakunjuka na kukunja kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mkono ule kazi yake kubwa ni kushika bunduki na usukani. Kusuka hauwezi. Kuparua samaki hauwezi. Sisemi waliotengeneza ni watu wabaya. Mashine za mwaka 2004 zilikuwa na nguvu ndogo, ikabidi wachague. Uhakiki ni kuuliza walipobanwa walichagua nini.

Tena wana sifa ambayo gemu nyingi za wakati ule hazikuwa nayo. CJ akila hovyo ananenepa, na akinenepa mwendo wake hubadilika. Akishinda gym, misuli ikijaa, anatembea mikono ikiwa mbali na mbavu. Mwili wake una kumbukumbu ya alichokula na alichonyanyua. Na kuna Woozie, yule mkuu wa kundi la Kichina asiyeona, ambaye katika faili lile amepewa mwendo wake peke yake, WALK_Wuzi. Hapo ndipo msanii alipofikiri kama msanii: mtu mmoja, maisha yake, mwendo wake.

Ila CJ mwenyewe? Kumbuka hadithi inaanzaje. Mwaka ndani ya hadithi ni 1992. CJ amekaa Liberty City miaka mitano. Anarudi nyumbani Los Santos kwa sababu mama yake ameuawa. Jamani, huyu mtu anakuja msibani! Katika vile vipande vya sinema anahuzunika vizuri tu, anashika picha, anainamisha kichwa. Ukikabidhiwa pedi, msiba umekwisha. Anatembea kama alivyotembea jana na kama atakavyotembea siku akitajirika. Tumbo lake lina kumbukumbu, mama yake hana. Mpaka kijana wa Mabatini alipompa mwendo wa mama mwingine.

Nilipomwambia mshikaji hivyo alisema hakufikiria kabisa. Alitaka kujaribu tu kama itawezekana. Sawa. Mhakiki ana ruhusa ya kuona ambacho msanii hakukusudia, mradi kimo kwenye kazi.

Kasoro za kazi

Sasa niikosoe, maana tukianza kupakana mafuta hatutaendelea.

Kasoro ya kwanza aliiona mama mwenyewe. Alipoonyeshwa alitazama, akacheka, halafu akasema, "Mimi siendi hivyo. Huyo anateleza." Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Katika miendo ya gemu hii kuna mfupa wa mzizi, ndio unaosogeza mwili mbele. Mshikaji alikuwa ameweka hatua fupi za mama, lakini mzizi akauacha na kasi ya CJ wa zamani. Matokeo yake miguu ilikuwa inasema pole pole na mwili unasema haraka, nyayo zinaserereka kama mtu aliye juu ya sabuni. Alirekebisha. Sasa CJ huyu anachukua muda mrefu zaidi kutoka nyumbani mpaka kona ya mtaa, na mchezaji anachoka kusubiri. Wengine walilalamika. Mimi nasema kuchoka kule ni sehemu ya maana. Mzigo usiokuchelewesha si mzigo.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Ukibonyeza kitufe cha kukimbia, CJ anachomoka mbio, mabega huru, shingo inacheza. Ndoo imeyeyuka. Ukimwachia anarudi kutembea, ndoo imerudi kichwani. Sababu ni kwamba mshikaji alibadilisha mwendo mmoja tu. Kukimbia, kusimama, kugeuka na kuketi vyote vimebaki vya zamani. Ndugu zangu waandishi, msicheke. Hii ndiyo kasoro ya nusu ya miswada inayoletwa hapa. Ukurasa wa kwanza mhusika anachechemea. Ukurasa wa nane anaruka ukuta akimfukuza mwizi. Ukurasa wa kumi na mbili mwandishi kakumbuka, anachechemea tena. Sifa ya mhusika imewekwa kama beji, wakati ilitakiwa iingie kwenye kila kiungo, hata anapolala.

Kasoro ya tatu haikuwa kwenye kazi ya kwanza, ilikuja na ulafi. Mshikaji alipoona mwendo umekubali, akaupachika pia kwenye WALK_civi, unaotumiwa na wanaume wengi wa kawaida mtaani. Tukaingia Los Santos tukakuta karibu kila mwanaume ana shingo iliyokazwa na mkono unaotaka kushika kitu hewani. Mwanasheria na suti yake, kabeba. Mtu wa pwani mwenye kaptula, kabeba. Dakika mbili za kwanza ilitisha vizuri. Dakika ya tatu ikawa haina maana yoyote. Wote wamebeba, kwa hiyo hakuna aliyebeba.

Hili nalo tunalijua kwenye fasihi yetu. Mwandishi anataka kuonyesha umaskini, basi kila mhusika anakuwa mfano wa umaskini, na mwisho hakuna mtu hata mmoja kitabuni, kuna takwimu zenye majina. Mshikaji alikubali kuutoa. Mji ukarudi kama ulivyokuwa, na katikati yake yuko mmoja anayetembea tofauti. Hapo ndipo jicho linakwenda kwake.

Kuiga si aibu

Kuna jamaa wa kijiweni watakaouliza: kwa nini tuhangaike kumvisha mwendo wetu Mmarekani wa kubuni? Si tutengeneze cha kwetu? Swali zuri. Lakini jibu lake ni refu kidogo, na linaanzia mbali.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa pwani, Lamu, Mombasa na kushuka chini, walitazama gwaride la askari na bendi zao. Wakalichukua. Wakalitia kwenye ngoma wakaiita beni, neno lililotokana na bendi. Walikuwa na vyeo, sare, mashindano. Jumuiya za Marini na Arinoti zilivuma Tanganyika yote. Vita Kuu ya Kwanza ilipowachanganya askari na wapagazi, beni ikasambaa mpaka bara. Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu ngoma hii, kikatoka mwaka 1975. Wengine waliiona ni kuiga tu. Lakini ukifikiri, watu wale walikuwa wanafanya kile kile anachofanya mshikaji: wamechukua jina la mwendo wa mgeni, GWARIDE, wakabadilisha kilichomo. Mkoloni akiita anaona hatua zake. Ndani yake kuna kejeli, kuna mashindano ya mtaa na mtaa, kuna raha ambayo hakuituma.

Na hatuna uhaba wa cha kuweka. Nenda Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Uliza habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayoshindana kwa ngoma baada ya mavuno tangu enzi za mababu. Tazama bugobogobo, ngoma ya majembe: mstari mzima unainama na kuinuka pamoja, jembe linarushwa hewani na kudakwa bila kupotea mapigo. Au wigashe, inayochezwa watu wameketi, mwili wa juu ndio unaosema. Kwa mtu wa kupachika miendo hizo ni mitihani mikubwa. Mkono wenye vidole vilivyofungwa utadakaje jembe? Kiunzi kilichozoea kukimbia na kupigana kitachezaje kikiwa kimekaa? Mtu akiyajibu maswali hayo kwa vitendo atakuwa amejifunza mengi kuhusu gemu, na mengi zaidi kuhusu ngoma, kwa sababu huwezi kumpa mfupa pembe yake kama hujawahi kuutazama.

Mwendo ni mali ya nani?

Jambo moja linanikera, nalo sitalifunika.

Mama wa mshikaji alipomaliza kucheka aliuliza, "Na hao wanaoniangalia huko bandani wanalipa?"

"Wanamlipa mwenye banda, mama. Kwa muda wa kucheza."

"Na wewe unalipwa?"

"Silipwi."

"Basi tuko sawa," akasema, akaendelea kuchambua dagaa wake.

Alisema kwa utani, lakini swali lake limefika mpaka mahakamani Marekani. Mwaka 2018 mwanamuziki 2 Milly na mwigizaji Alfonso Ribeiro waliwashtaki watengenezaji wa Fortnite, Epic Games, wakidai mitindo yao ya kucheza imenakiliwa na kuuzwa ndani ya gemu. Mwaka 2019 ofisi ya hakimiliki ya huko ilikataa kusajili mtindo wa Ribeiro, ikauona ni hatua rahisi zisizofikia kuwa kazi kamili, na kesi zile zikaondolewa. Lakini mwaka 2023 mahakama ya rufani iliifufua kesi nyingine, ya mtunzi wa miondoko Kyle Hanagami, ikisema miondoko isitazamwe vipande vipande tu. Kwa hiyo jambo halijalala.

Na hao ni watu mashuhuri wenye mawakili. Bugobogobo je? Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja sanaa za jadi na kutaka zilindwe. Mwendo wa mama mmoja akipanda mawe ya Mabatini hauko kwenye sheria yoyote. Hakuutunga. Alipewa na ndoo, miaka ishirini. Siku mtu akiutia kwenye gemu inayouzwa duniani, hakuna atakayemtafuta. Kwa hiyo mshikaji alifanya vyema kuomba ruhusa kwanza, na nasema hata sisi waandishi tuige. Tumezoea kumchora jirani kwenye hadithi kisha tunajidai eti ni ubunifu.

Upande wa pili nao una mwenyewe. Shamba tunalolima si letu. Mwaka 2021 Take-Two, kampuni inayoimiliki Rockstar, ilidai modi kadhaa za miaka mingi za San Andreas ziondolewe, na zikaondolewa. Anayepachika ajue hilo: anajenga kwenye kiwanja cha mtu. Ndiyo maana ile video ya simu ya mama ina thamani kuliko faili lenyewe. Faili likifutwa, mwendo upo, na anayeutembea yupo.

Kwenu mnaoandika

Kiswahili kina faili lake la ped.ifp, tena kubwa. Mtu wetu anachechemea, ananyata, anajikongoja, anapepesuka, anadunda, anaringa, anasota, anaburura miguu, anakwenda aste aste. Na tazama lugha ilivyo na akili: mwendo na mwenendo ni ndugu wa tumbo moja, vyote vimetoka kwenye kwenda. Anavyotembea mtu na anavyoishi mtu, wahenga waliviweka nyumba jirani. Sisi tunafanya nini na utajiri huo? Fungua hadithi kumi za vijana utakuta "alitembea haraka haraka" tisa. Hiyo ndiyo WALK_player yetu, tuliyopewa shuleni na hatujawahi kuifungua.

Mwalimu wa jambo hili tunaye kwenye ziwa hili hili. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, akangoja, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Wapo wanaokilaumu kwamba kina maelezo mengi mno: watu wanavyosalimiana, wanavyolima, wanavyotengeneza pombe ya ndizi, wanavyokwenda ukweni. Mimi naona yale maelezo ni fremu. Mzee alikuwa anaweka mifupa moja moja mahali pake, akijua kuna siku watakuja watu ambao hawajawahi kuona.

Basi zoezi langu ni dogo. Nenda Mwaloni asubuhi, au Makoroboi saa za jioni watu wakifunga biashara, au pale Kamanga abiria wanaposhuka kwenye kivuko. Chagua mtu mmoja. Usimfuate kama kibaka, mtazame tu. Andika anavyotembea bila kutaja alichobeba, wala umri wake, wala kazi yake. Kisha msomee mtu nyumbani. Akikuuliza amebeba nini, tuletee.

Na mshikaji? Hajamaliza. Anahangaika na ile kasoro ya kukimbia. Alimfuata mama yake akamwuliza: ukiwa na ndoo kichwani, ghafla kitu kikakutisha, unakimbiaje?

"Sikimbii," mama akamjibu. "Natua kwanza."

Hapo kazi ikawa mpya. Gemu ile ina kitufe cha kupiga, cha kuruka, cha kuiba gari, cha kulenga. Ya kutua haina. Sasa anajifunza CLEO, maktaba inayomwezesha mtu kuongeza amri ambazo gemu haikuzaliwa nazo. Juzi nilimkuta ana video nyingine ya mama, akiinama taratibu, mikono miwili juu, magoti yanakunjika, anaishusha. Alikuwa anahesabu fremu.